Mashine Niliyoizima Kila Jioni

Fundi aligeuza kioo cha mashine kituelekee, akafungua humo kisanduku kilichotakiwa kuwa na dosiye zetu zote, karatasi za mashamba. Ndani hamkuwa na kitu. Weupe tu. Mama mmoja wa Kabonga akamwambia, "Shuka chini kidogo, papa, labda ziko chini." Akashuka. Chini vilevile. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za biro, ofisi yetu, mkononi, nanyoosha shingo, maana karatasi ya baba ilitakiwa kuwa mle.

Karatasi yenyewe ni ya itongo letu, shamba la michikichi juu kidogo ya Rumonge. Tulipokimbia vita, mama alivuka nayo ziwa, kaishona ndani ya kitambaa. Baba hakuvuka. Nimekulia kambini Tanzania, shule niliishia darasa la tatu, lakini karatasi ile nilijua kuisoma kabla ya kitabu chochote. Tuliporudi tukakuta mtu amejenga katikati ya michikichi. Bila karatasi, mimi ni muongo tu aliyetoka Tanzania.

Ndipo mradi mmoja ukafungua biro karibu na ziwa, kukusanya karatasi za watu kama sisi. Nikapata kazi pale, zamu, kulinda na kufagia. Wafanyakazi wa Magara na Kabonga walikuwa wanapiga picha karatasi za watu huko huko, wanazituma kwetu kwa simu, na karatasi zenyewe zinaletwa kwa katoni.

Fundi alitoka Bujumbura kuja kuipanga mashine ya kupokea. Alipenda kueleza, hilo simnyimi.

"Hii ndiyo serveri, muzee. Ina milango mingi, nimefungua mumoja tu, wa kupokea faili."

"Zikiingia zinakaa wapi?"

"Kwa sasa mu kisanduku cha muda. Nikimaliza kujaribu nitazipeleka pa kudumu."

Akataka karatasi ya kujaribia, nikampa yangu, ile ya baba. Akaipiga picha, akaituma, ikaingia, chef, mkubwa wa biro, akainama kuitazama, kisha yenyewe ikatiwa katonini. "Umeona?" fundi akasema. "Iko salama kukupita wewe."

Jioni ile chef akatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Wakakaa kula ndagala, dagaa wa huku, kisha fundi akawahi gari. Kisanduku cha muda kikabaki hivyo hivyo, na dosiye zikawa zinaingia humo. Kule Kabonga simu ilisema imefika. Kufika, zilifika. Ila kisanduku cha namna hiyo hujisafisha chenyewe kila mashine inapozimwa na kuwashwa tena. Hilo hakuniambia mtu.

Na mashine ilizimwa. Chef aliniagiza: "Jioni ukizima taa, zima na mashine. Umeme wa hapa utaiunguza." Nikamuuliza kama fundi amekubali. Akasema, "Wewe ni zamu ama ni enjeniya?" Nikazima. Kila jioni nikizima, kila asubuhi nikiwasha, na kuipangusa vumbi juu.

Kisha ziwa likapanda. Maji yakaingia uani, yakaingia biro, na katoni ziko sakafuni. Nilikuwa nimeshainua mbili, chef akapiga kelele, "Acha hizo, beba viti kwanza! Karatasi ziko mu mashine." Tukaokoa viti. Katoni zikawa uji, na ya kwangu ilikuwa mle. Ndiyo maana watu walikuja siku ile kuomba nakala, na fundi akaitwa kuzitoa.

Alipoona weupe ule aliuliza, "Serveri haizimwi. Nani alikuwa anaizima?" Chef akaninyooshea kidole. Watu wote wakageuka. Mama wa Kabonga akaniambia polepole, "Kumbe ni wewe, kaka." Tangu hapo nikienda sokoni, kuna wanaonipa mgongo nikipita.

Mkono ni wangu, sikatai. Lakini fundi, wewe uliacha kazi nusu na ukaondoka. Chef, wewe ulitia sahihi kazi nusu, ukaniagiza kuzima, ukachagua viti. Sasa mmoja yuko Bujumbura, mwingine amehamishwa, na yule mtu aliyejenga kwetu anaendelea kukamua mawese yetu. Nyote wawili mliiona karatasi ya baba kwa macho yenu. Rudini Rumonge, msimame uani kwake, mseme kwamba ilikuwepo na kwamba ni ninyi mlioipoteza. Nani kati yenu anaanza?