Mikono ya Kugeuzia Kurasa

Juzi nilikuwa kwenye duka la vitabu Lindi mjini, nabishana bei na kijana mmoja aliyeamua kunifundisha biashara. Mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na mbili, alikuwa amekipenda kitabu kipya, kimojawapo cha vile wanavyoandikiwa watoto waliokwisha kuchoka na hadithi za sungura lakini bado hawajafikia mambo ya watu wazima. Kilikuwa kimefungwa kwa nailoni. Nikanyoosha mkono nikipapase, maana kitu nisichokishika mimi sikinunui, hata kitunguu. Kijana akasema kwa adabu zake zote, "Mama, naomba usikishike, kitachafuka."

Nikaitazama mikono yangu, huku na huku. Safi, nimetoka kuswali muda si mrefu. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akasogea kando kama hanijui. Kijana sikumweleza kilichonichekesha, kwa kuwa bei ilikuwa bado haijaisha. Wewe nitakueleza.

Nimekulia upande wa Milola, katika moja ya vile vijiji vya ujamaa ambavyo tulihamishiwa na kukuta mahali pa nyumba zetu pamekwisha kupimwa, mistari miwili, barabara katikati. Tulihama na milango yetu, vyungu vyetu na kuku wetu. Mikorosho ikabaki kulekule mahameni, kwa sababu mkorosho hauelewi amri. Kwa hiyo kila msimu ulipofika tulikuwa tunarudi kwa miguu kwenye mashamba ya zamani, alfajiri, na kurudi na vikapu kichwani, midomo imekauka kwa utomvu wa mabibo na nguo zina madoa ambayo sabuni ya mche iliyatazama tu.

Bibi yangu alikuwa hauzi korosho zote ghafi. Nyingine alizikaanga uani juu ya kipande cha bati lililotobolewa matundu. Moto ulidaka mafuta ya maganda ukaruka juu kama umetukanwa, moshi mweusi ukatuchoma macho, naye akazimwagia mchanga. Halafu kazi yetu watoto: kubangua. Unashika korosho kwa vidole, unaigonga kwa jiwe, ganda linakutemea mafuta yake. Mafuta hayo yanaunguza. Ngozi inakuwa nyeusi, halafu inababuka, halafu ngozi mpya nayo inakuwa nyeusi. Bibi alikuwa akisema, "Nikimwona mtu ana mikono safi mwezi huu, namuuliza anaumwa nini." Sare yangu ya shule ilitoka kwenye korosho hizo. Kugoma kubangua ilikuwa ni kugoma kuvaa.

Msimu mmoja, nikiwa darasa la sita, gari la elimu likashusha shuleni kwetu sanduku la mbao lenye kufuli. Mwalimu akalifungua mbele yetu. Vitabu vipya! Nilivihesabu kwa macho, nikarudia: arobaini. Hadi siku hiyo vitabu tulivyovijua vilikuwa vya kusomea masomo, vimechanika, vimeshonwa kwa uzi wa katani, na ndani yake kila mtoto alikuwa anakwenda shamba na kurudi amefurahi. Hivi vilikuwa vya hadithi, vimeandikwa kwa watoto wa umri wetu hasa, na ndani yake watoto walikuwa wanapotea, wanadanganya, wanaogopa, wanapata akili. Mwalimu akafungua kimoja, na harufu ya karatasi na wino ikafika mpaka benchi la nyuma. Mpaka leo nikinusa kitabu kipya tumbo langu linadai kitu.

Lakini sanduku halikuwa letu. Lilikuwa linazunguka, shule hadi shule. Kwetu lingekaa mpaka karibu na mvua, kisha lipande shule za mlimani Rondo kabla barabara haijaharibika. Na mwalimu wetu, kijana mgeni kutoka bara aliyepiga pasi hata kaptura ya kulimia, alikuwa ametia sahihi kwamba atavirudisha kama alivyovipokea. Akatuambia tupange mstari, viganja juu. Akapita akikagua kama mtu wa forodha.

"Mikono gani hii?"

"Ya korosho, mwalimu."

"Nendeni mkanawe."

Tukanawa. Tukasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, mimi nikajaribu na jiwe la kusugulia miguu. Weusi ukabaki, na sasa ulikuwa unauma. Darasa zima waliopita ukaguzi walikuwa watatu: mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, mtoto wa mganga wa zahanati, na mvulana mmoja aliyevunjika mkono, ambaye hata huo mzima alikuwa hana haja nao, kusoma kwenyewe kulikuwa kunampiga chenga. Sisi wengine tukakaa kwenye mabenchi tukitazama majalada kwa mbali. Jambo la kufurahisha, ukilitaka likufurahishe, ni kwamba kesho yake mwalimu huyohuyo alitupeleka kuokota korosho za shamba la shule.

Jalada nililolitaka lilikuwa la kijani, lina msichana amesimama kwenye mlango wa treni. Nikaapa nitakisoma kile kitabu mpaka mwisho kabla sanduku halijaondoka. Nilichokuwa nacho cha kubadilishana kilikuwa kidogo, nikaanza kutafuta nani ana shida gani.

Shida ya mwalimu niliijua. Jioni alikuwa anafundisha elimu ya watu wazima, na viongozi walikuwa wanamuuliza kila mara mbona wanafunzi wanapungua. Aliyemshinda kuliko wote ni jirani yetu, mama mmoja msusi wa mikeka, mjane, ulimi wake mkali kuliko kisu cha kuchania miyaa, yale majani ya kusukia. Alikwenda siku moja tu akarudi. "Kitabu kizima ni jembe, pamba na mbolea," alisema barazani kwetu. "Pamba mimi silimi, na jembe nimelishika kabla huyo mwalimu hajaota meno. Nikae kwenye benchi la watoto nifundishwe kulima?"

Sasa mtazame huyo mama mikono. Msusi wa mikeka habangui korosho, kwa kuwa tone moja la yale mafuta linaharibu mkeka wa wiki nzima. Kijiji kizima, msimu ule, mikono safi ya mtu mzima mwenye nafasi ilikuwa yake.

Nikaenda kwake jioni nikapiga hodi, nikampa shikamoo ndefu.

"Marahaba. Sema unachotaka, mguu huu si wa salamu."

"Mama, kuna kitabu shuleni kina msichana amepanda treni peke yake, anamtafuta kaka yake."

"Treni!" Akaacha kusuka. "Treni nimeiona mimi, Nachingwea, enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu. Waliileta kwa mbwembwe, wakaing'oa na reli yake. Huyo msichana amekatiwa tiketi na nani?"

"Sijui. Sijaruhusiwa kukishika. Ukikishika wewe, mimi nitakusomea."

Akanitazama vizuri. "Kwa hiyo mimi ni mikono yako."

"Na mimi ni macho yako, mama."

"Macho yangu mazima. Tatizo ni hizo herufi." Akasuka kidogo, akafikiri. "Nitageuza pale nitakapotosheka mimi, si wewe."

Nikakubali haraka mno. Ningejua, ningebishana.

Kwa mwalimu haikuchukua muda. Nilimwambia yule mama atahudhuria kila jioni, kwa sharti kwamba kitabu chake kiwe kile cha kijani na mimi nikae karibu naye. Mwalimu akasema huo si utaratibu. Nikamwambia basi hatakuja. Akatazama dirishani, akafikiria viongozi wake, akasema, "Usiguse hata uzi."

Tukaanza. Mama msusi alikaa kwenye benchi, kanga imefungwa kiunoni, kitabu kimefunguliwa mapajani. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, mikono nimeifunga mgongoni. Nilisoma kwa sauti, nikifika chini nilisema "Geuza, mama." Hakugeuza.

"Huyu baba yake yuko wapi?"

"Hawajasema."

"Watasema?"

"Labda ukurasa ujao."

"Labda. Na huyu kaka, miezi yote hii hata salamu hajatuma. Hafai. Haya."

Ndipo anageuza, kwa ncha za vidole, kama anafunua kawa juu ya chakula cha wageni. Kabla ya kugeuza alikuwa anauliza tarakimu ile ya chini ni ngapi, nami namtajia huku nimechoka. Kurasa tatu kwa jioni moja zilikuwa nyingi. Nilikuwa nawaka ndani. Wenzangu wakasikia, wakaanza kuja, kwanza wawili, halafu benchi zima, mikono yote mgongoni, shingo zimechomoza kama kuku kwenye tenga. Tukabishana. Kama msichana alikosea kupanda treni au alidanganywa. Kama kaka yuko hai. Mwalimu alikuwa upande wa pili akifundisha watu wazima wengine mbolea, na wao taratibu wakahamia kwetu. Akabaki na ubao.

Mvua ikawahi. Siku moja mchana, tukiwa kwenye shamba la shule, tukasikia lori. Nilimwaga kikapu nikakimbia. Sanduku lilikuwa tayari barazani mwa shule, wazi, mwalimu anapanga vitabu ndani, na dereva ameacha injini inanguruma kwa sababu, alisema, Rondo kumeanza kunyesha na yeye hataki kulala kwenye tope. Zilikuwa zimebaki kurasa tisa. Msichana wetu alikuwa ameshuka kwenye stesheni ya mwisho, anamwona mtu aliyempa mgongo, na hatukujua ni nani.

"Mwalimu, bado kidogo."

"Gari haliwezi kusubiri."

Nilikwenda mbio hadi kwa mama msusi. Sikuweza hata kusema, nilionyesha tu barabarani. Aliinuka na miyaa ikiwa bado mdomoni. Alipofika shuleni hakumsalimu mtu. Alikichukua kitabu cha kijani kutoka mikononi mwa mwalimu, akashusha kifuniko cha sanduku, akakaa juu yake.

Dereva akasema, "Mama, tafadhali, shuka tupakie."

"Nitashuka mtoto wa watu akimwona kaka yake. Zima hilo gari, linaniziba masikio."

"Mama, nina safari!"

"Na huyu naye ana safari, tangu msimu uanze. Soma, wewe."

Nikasoma. Nilisoma kama ninayefukuzwa. Dereva alikuwa anabonyeza honi, mwalimu ameshika kufuli, wenzangu wamefika wakihema, mikono mgongoni. Nikaona tutakosa mwisho. Nikamnong'oneza, "Mama, geuza mbili kwa pamoja, tufike."

Akanitazama kama nimepunja kipimo sokoni. Akaweka kidole kwenye tarakimu ya chini. "Hii ni hamsini na saba. Inayofuata ni hamsini na nane. Hapa harukwi mtu."

Mwalimu akageuka. Jioni zote zile alidhani mama anakuja kuketi tu, kumbe alikuwa anajifunza tarakimu. Alitembea hadi kwenye lori, akazungumza na dereva, na injini ikazimika. Dereva akaja akaegemea nguzo, amenuna. Kwenye ukurasa wa sitini na moja alisema, "Huyo aliyempa mgongo siyo kaka yake," na benchi zima likamwambia anyamaze.

Alikuwa ndiye. Msichana alimwona, akampa kofi moja, halafu wakalia wote wawili. Mama msusi aliutazama ukurasa wa mwisho muda mrefu, ingawa nilikuwa nimekwisha kuusoma. "Nilisema hafai," akasema. "Lakini yupo." Akakifunga kitabu, akakifuta jalada kwa upindo wa kanga, akampa mwalimu akikague. Hakukuwa na doa hata moja. Ndipo akashuka.

Sanduku likapanda Rondo. Halikurudi, na mimi niliuliza, kila gari lililosimama kijijini nililiuliza. Mwalimu alihamishwa. Mahameni kwetu mikorosho mingine imekatwa, mingine ina wenyewe wapya, na korosho nyingi siku hizi huondoka ghafi kwa magunia, hivyo uani kwa bibi yangu hapana tena bati wala moshi, wala bibi. Mama msusi alijifunza kusoma msimu uliofuata, kwenye vitabu vilevile vya jembe, akilalamika kila ukurasa. Nilipokwenda kumzika nilikuta mikeka yake bado inatandikwa msibani, na waliokalia ni wajukuu wa wale wa mikono mgongoni.

Kitabu cha mjukuu nilikipata, usiwe na wasiwasi. Kijana alipunguza, nikamwambia arudie hesabu, akapunguza tena. Jioni mjukuu akachana nailoni barazani, akaanza kusoma kimoyomoyo kama wanavyosoma sasa, kila mtu na ukurasa wake.

"Nisomee," nikamwambia. "Mimi nitageuza."

"Bibi, mikono yangu ni safi."

"Najua."

Akanipa kona ya karatasi, akasoma mpaka chini. Akangoja. Akanitazama.

"Bibi, geuza basi!"

"Tulia kwanza," nikasema. "Huyu mjomba wake, mbona simwelewi?"