Unga wa Wimbi Kwenye Meza ya Rivolva

Afadhali mlisikie kwangu, maana waliokuwepo washalieneza Doha nzima na kila mtu ameongeza chumvi yake: ni kweli, mimi, mama mzima, nilimlipua mzee wa watu kwa unga wa uji, mchana kweupe, siku ya mwisho ya probesheni yangu kazini, na mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira, kwanza ya kujikasirikia mimi mwenyewe.

Nafanya kaunta kwa klabu ya shabaha. Natoa risasi, miwani, vifuniko vya masikio, na meneja wetu (mwanamke mkali, viatu vyake vinasikika kabla yake) ana sheria moja, kwamba mgeni haambiwi "hakuna". Asubuhi hiyo nilikuwa nimepitia mtaa wa Al Thumama kwa rafiki aliyetoka Kenya, akanipa kilo mbili za unga wa wimbi wa mwanangu Jabali, ambaye ana mwaka na nusu na uji mwingine wowote anautema.

Akaingia Abu Nasser, kanzu imepigwa pasi inang'aa, na rivolva ya magnum yenye mtutu mrefu. Akauliza risasi gani inapiga sawasawa. Nami, wa miezi mitatu tu, nikajitia fundi! Nikampangia maboksi matatu, nikamwambia bunduki huchagua yenyewe, ajaribu tano tano bila kuchanganya, lakini mimi ningeanza na hizi nzito zenye nguvu. Miwani alikataa. "Binti yangu, macho yangu ni ya mwewe." Nikamwambia mwewe wa hapa pia huvalishwa kofia ya macho, akacheka, akavaa.

Halafu akataka mfuko wa mchanga wa kuegemezea rivolva. Mifuko yote ilikuwa upande wa bunduki ndefu, nilikuwa na mmoja tu, mtupu. Ningesema angojee dakika kumi, nani angekufa? Lakini nilisikia viatu vya meneja, nikageukia ukuta, nikaujaza ule unga, nikafunga zipu, nikampelekea nikitabasamu kama mjinga.

Sasa, rivolva hutema moto pembeni, pale silinda inapokutana na mtutu. Okello, mwalimu wetu wa shabaha kutoka Uganda, alinifundisha hilo wiki ya kwanza, nami nilikuwa naitikia tu kichwa huku nikiwaza homa ya Jabali.

Risasi ya kwanza, moto ukakata kile kitambaa kama wembe, na unga ukapaa mpaka taa zikapotea! Mtu akapiga kelele, "Imepasuka! Rivolva imepasuka!" wote wakalala chini, king'ora kikalia, na mimi nikasimama katikati nimeshika kichwa, nikijua nimeua.

Vumbi likatulia. Abu Nasser alikuwa amesimama, rangi ya mchanga kuanzia kilemba hadi viatu. Akalamba mdomo.

"Shinu hadha?" Hiki ni nini?

Okello akaniangalia. "Nyabo, mama, umeweka nini mle?"

"Uji," nikasema. "Unga wa uji wa mtoto."

"Wa mtoto?" meneja akauliza, na hivyo viatu, kwa mara ya kwanza, havikusikika.

Mzee akavua miwani polepole. Chini yake kulikuwa na miduara miwili misafi, na macho mazima ndani yake. Hakuna aliyecheka. Akaigeuza miwani, akaona lenzi ilivyochubuliwa na cheche, akamwambia meneja: "Huyu nusura anipofushe. Na huyu huyu ndiye aliyenivalisha hii."

Ndiyo maana sikufukuzwa. Niliongezewa miezi mitatu ya probesheni, na nikatia sahihi fomu ya ajali iliyoandikwa, kwenye sababu, "chakula cha mtoto". Jioni Jabali alilia uji, nikampa wali, akautema.

Siku hizi mgeni akitaka kitu ambacho hakipo, namwambia hakipo, hata kama viatu vimesimama nyuma yangu.