Mwisho wa Riwaya Niliousema Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitabu hata kimoja. Nilikuwa nimetoka shule ya upili, nikapewa kiti cha plastiki kando ya meza ya vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Nairobi. Mwenye meza, mama wa sauti kali tuliyemwita Madam, akanirushia riwaya ya mapenzi.

"Soma."

"Nimekuja kuuza, Madam."

"Utauza aje kitu hujui? Soma mpaka mwisho. Na huo mwisho ukiambia kastama, umemwibia. Nitakufuta kazi."

Mengine nilijifunza kwa macho. Mgongo wa kitabu, ule upande unaotazama nje kikiwa rafuni, ukiwa na mikunjo hadi mwisho, kimesomwa kikaisha. Mikunjo ikikoma katikati, msomaji alichoka. Hicho hatukumsifia mtu. Mteja hatukumuuliza anapenda nini, maana wengi huona haya. Tulimuuliza ni kitabu gani kilimkasirisha. Hapo alifunguka, nasi tukajua la kumpa.

Kutoka kwa Madam nilihamia Westlands, duka la vitabu lenye kuta za vioo ndani ya jumba la biashara. Meneja alikuwa muungwana, ila riwaya za mapenzi alizipanga nyuma, karibu na choo. "Wanaozitaka watazitafuta," alisema. Walizitafuta kweli, akiwemo askari wa lango. Lakini mimi kukaa mahali pamoja hunishinda. Nikaondoka, nikafungua kibanda changu mtaa wa Jamhuri.

Hapo ndipo alipokuja Baba Brayo, mtunza bustani wa nyumba moja ya Lavington. Mkewe alikuwa mteja wangu. Alisimama mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kanisa la wengine.

"Niaje, boss. Uko na kitabu ya kuomba msamaha?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mvua ilikuwa imelowesha makaa, naye akachana riwaya ya mkewe kuwashia jiko. Kumbe mama alikuwa amebakisha sura mbili. Sasa hamsemeshi. Nguo amefunga, Jumamosi anaenda kwao Kakamega, na hajasema atarudi.

"Si ati nilichoma nyumba," alinung'unika. "Lakini anasema sijawahi hata kuuliza ni nini anapenda."

Kitabu nilikijua, nilimuuzia mimi. Nakala nyingine sikuwa nayo, na mitumba haiagizwi. Inakuja jinsi ilivyofungwa. Nilichokuwa nacho ni mwisho wake, kichwani. Nikamkumbuka Madam. Kisha nikamvutia mzee kiti.

"Kaa. Nitakuambia mwisho, ukamwambie wewe mwenyewe."

"Mimi? Niongee hayo maneno? Na hii mdomo?"

"Na hiyo hiyo."

Nikamsimulia: kituo cha reli, daktari anarudi, maneno anayomwambia mwanamke anayempenda. Akarudia, akikosea, akifuta jasho.

Jumatatu niliinua macho nikamwona Mama Brayo mbele ya kibanda.

"Ni wewe ulifundisha mzee wangu?"

"Samahani, mama. Alikuambia?"

"Aliniambia. Daktari amekuwa mtu wa maua. Reli hakuna, wanakutana kwa geti. Halafu akasahau maneno, akaweka yake." Akafunika kicheko kwa leso. "Nguo nimerudisha kabatini."

Nikamwahidi kumtafutia nakala nyingine.

"Wacha," alisema. "Mwisho yake imenitosha. Nipe ingine. Amesema hii nikisoma, atasikiliza."

Nimestaafu kabla ya kutimiza miaka hamsini, kwa sababu miguu yangu bado inataka kwenda. Vijana mnaosoma kwenye simu huniuliza kama kazi hii ingalipo. Ipo, maadamu kuna mtu wa kumwambia mwingine: jaribu hiki.

Wiki yangu ya mwisho, nikifungua furushi la mitumba, nilikuta nakala nyingine ya kitabu kile, mgongo umekunjika hadi mwisho. Sikumwita Mama Brayo. Nilikiweka mbele, na msichana mmoja wa chuo akakichukua.

"Wataishia pamoja?" akauliza.

"Soma," nikamwambia.