Nilivyobatiza Mtoto wa Mchumba Wangu

Nilishuka melini katika bandari ya Volos nikiwa mchumba wa mtu. Kufika saa tisa alasiri, nilikuwa siwezi tena kuolewa naye maisha yangu yote.

Na walionifanyia hivyo walinipigia makofi.

Naitwa Garifalia, wa kisiwani Skopelos. Mchumba wangu, Stamatis, alikuwa mgane, ana kabinti ka miezi tisa. Akaniambia, "Njoo Jumamosi, mama anataka kukuona."

Ukoo mzima ulinipokea gatini. Pweza wa kuchoma, pombe, vicheko. Mama yake, Kaliopi, kaning'ang'ania mkono.

"Binti, umeletwa na Mungu! Leo tunabatiza mtoto, na mama yake wa ubatizo kaugua. Utasimama wewe."

Kwetu, ukimbatiza mtoto, wewe na baba yake mmekuwa ndugu mbele ya Mungu. Ndoa hakuna. Na kukataa kubatiza ni dhambi, hakuna anayethubutu.

"Mama, mimi mgeni tu..."

"Mgeni wa nani? Au mtoto wetu ananuka?"

Wajomba, mashangazi, meza nzima, macho yote kwangu.

"Stamatis, we unasemaje?"

Alikuwa anachambua dagaa miiba, mmoja mmoja.

"Ni heshima kubwa hiyo," akajibu, hakuinua uso.

Kumbe walipanga wote wawili!

Nikageuka baharini. Meli ya kwetu ilishang'oa nanga.

"Haya," nikasema. Makofi!

Kanisani nampaka mtoto mafuta, yamenifika hadi viwikoni. Mtoto analia, mimi nalia, watu wanasema, "Ona anavyompenda!"

Kaliopi akaninong'oneza, "Anaitwa Kaliopi, kama mimi. Usikosee."

Padri akauliza, "Jina?"

Jina hulitamka mama wa ubatizo. Likishatoka mdomoni, limetoka.

"Asimina."

Jina la marehemu, mama mzazi wa yule mtoto.

"Mshenzi wewe!" Kaliopi akapiga ukelele. Padri alishamzamisha mtoto.

Nyuma kabisa, bibi mmoja wa nguo nyeusi, ambaye pale mezani sikumwona, akapiga magoti. Mama yake Asimina.

Stamatis alioa msichana aliyechaguliwa na mama yake. Mimi nina Asimina. Kila Pasaka nampelekea mshumaa, kama ilivyo desturi ya mama wa ubatizo, ananirukia shingoni.

Dada zangu, mwanamume akikupeleka kwao, usihangaike na mama mkwe anavyokupokea. Mwangalie yeye, siku mama yake anapokubana.