Rungu Lenye Nati

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Ukungu haukuondoka Ruiru hadi karibu saa sita, na manyunyu yalikuwa yakija na kwenda. Ilikuwa baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa iliyowahi kuvunjika.

Zacharia Kahiga aliijua baridi hiyo kwa goti lake la kulia. Asubuhi alilifunga kitambaa cha sufu chini ya suruali, akafagia makumbusho, akapangusa vitu vyote vya ukutani, kisha akakaa mlangoni kungoja wageni.

Makumbusho yenyewe ni stoo ya zamani ya kahawa, kuta za mawe na paa la mabati, iliyobaki peke yake baada ya shamba kubwa kuuzwa na kukatwa ploti. Pande zote sasa kuna nyumba za geti na kuta zenye nyaya za umeme. Mwalimu Bedan alipostaafu aliinunua pamoja na kiwanja cha nyuma, akaanza kukusanya vitu vya shamba: madebe ya kuchumia, mizani, mashine ya kumenya kahawa, filimbi za manyapara, makoti ya askari. Hapendi kitu kifungiwe kwenye kioo. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: SHIKA. ULIZA. ONYESHA. Mgeni mzee akisema anajua kutumia kitu fulani, hupewa akitumie mbele ya watoto, na Kahiga ndiye humsaidia. Kwa hiyo Kahiga amewahi kuwa punda, amewahi kuwa ng'ombe wa kukamuliwa, na siku moja wamama wa kanisa kutoka Githurai 45 walimfanya bibi harusi, wakamfunika shuka, wakambeba hadi getini wakipiga vigelegele.

Ni mtu mnyamavu. Lakini ukimpa nafasi ya kuwa mtu mwingine, anaifanya vizuri.

Alipoomba kazi hii, Mwalimu alimwuliza kama analijua shamba. Akasema analijua. Hakusema analijuaje.

Wageni wa siku hiyo walikuwa familia moja kutoka Membley. Mama wa kama miaka arobaini, jina lake Jackie, na watoto wake wawili, Ngina na kakake mdogo. Pamoja nao alikuwa baba yake Jackie, mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu na koti zito, ambaye watoto walimwita guka, yaani babu. Walianza kwa kunywa soda nyuma ya stoo, kwenye mabenchi yaliyo chini ya migomba. Migomba hiyo Kahiga aliipanda mwenyewe. Udongo wa hapo ni mweusi na laini, na hakuna mwezi asiompelekea mama yake mkungu mmoja huko Ngoliba.

Walipoingia ndani, Ngina alianza kumvuta guka wake mkono.

"Guka, twende nyumbani. Kuna baridi."

"Tulia," mzee akamwambia. "Tulia, tunaongea tu."

Kahiga alikuwa ameshika debe la kuchumia. Lilimponyoka, likagonga simiti.

"Pole, mzee," Jackie akasema. "Uko sawa?"

"Niko sawa, madam. Ni mkono tu."

Haukuwa mkono. Maneno hayo aliwahi kuambiwa katika shamba hili hili, mwaka ambao bei ya kahawa ilipanda ghafla na kila kijana wa huko kwao akajua njia ya kupita kwenye ua. Yeye na mdogo wake Mwas waliingia alfajiri, ukungu ukiwa mzito kama huu, kila mmoja na gunia lake. Walikuwa bado wanachuma, mbwa na askari wa shamba walipofika. Mwas, aliyekuwa mwepesi, alipenya kati ya mistari ya mibuni akatoweka. Kahiga alijikwaa. Askari wa kwanza alimkanyaga shingo. Wa pili, ambaye Kahiga hakumwona uso kwa sababu tochi ilikuwa inammulika machoni, alichuchumaa karibu naye akasema kwa upole, kama daktari, "Tulia. Tulia, tunaongea tu." Kisha akampiga goti. Kahiga alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Akapigwa tena palepale, na tena, na mbwa akamshika mkono akautikisa kama kitambaa. Kitu cha mwisho alichosikia ni mtu akiita jina lake.

Aliamka mtaroni kando ya barabara ya Thika. Lori la mchanga ndilo lililomfikisha hospitali.

Mwas hakuonekana tena. Askari wa shamba walisema alikimbia, na polisi nao wakaandika kwamba alikimbia. Wengine wakasema yuko Mombasa ameoa. Mama yao hakukubali kufanya maombi ya marehemu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha marehemu. Na katika miaka hiyo yote kuna jambo ambalo Kahiga hakulisema kwa mtu: usiku mwingine alimchukia mdogo wake kwa kumwacha pale.

Sasa alimtazama mzee wa kofia ya sufu akizunguka chumba. Watu wengi husema hivyo, alijiambia. Tunaongea tu. Hata makanga wa matatu husema.

Mzee alisimama kwenye ukuta wa vitu vya askari.

"Haiya! Hii imefika hapa vipi?" Alinyoosha mkono akaondoa rungu kwenye msumari wake. Lilikuwa rungu jeusi la mti mgumu, na kichwani limevalishwa nati kubwa ya chuma. "Jackie, njoo uone. Hii ni yangu."

"Dad, leo kila kitu ni chako. Hata ile mashine ulisema ni yako."

"Mashine nilikuwa nalinda. Hii ni yangu mimi, Mugo. Nati nilitoa kwa trekta iliyokufa pale karakana. Na alama yangu hii hapa, nilichonga kwa kisu."

Kahiga aliisogelea. Kila wiki alilipaka rungu lile mafuta, na siku zote alidhani ule mkwaruzo karibu na mshikio ni ufa tu. Ulikuwa herufi M.

"Si mmeandika onyesha?" Mugo akamgeukia. Macho yake yalikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Haya, nitaonyesha. Wewe mzee, unaweza kuwa mwizi?"

"Mimi huwa chochote," Kahiga akasema.

Watoto wakacheka. Kahiga akapiga magoti kwenye simiti, la kushoto kwanza, halafu lile la kulia polepole, akiwa ameshika mguu wa meza.

"Sasa sikieni," Mugo akawaambia wajukuu. "Mwizi hapigwi kichwa kwanza. Ukimpiga kichwa analala, na hutajua wenzake. Unaanza na goti." Akagonga goti la kulia la Kahiga kwa nati. Alidhani amegonga kidogo tu. Jasho lilimtoka Kahiga kwenye nywele, na akafunga mdomo.

"Dad, wacha hizo," Jackie akasema.

"Wee Jackie, hii ni historia. Shule hawafunzwi." Akamshika Kahiga ukosi wa shati, akamtikisa. "Unamwambia: tulia, tunaongea tu. Akidhani ni maongezi, unamletea." Rungu likashuka tena. Safari hii halikuwa mchezo kamili. Mkono ulikuwa umekumbuka kazi yake, na Kahiga alianguka kwa kiwiko.

Angeweza kuinuka hapo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na mikono ya kubeba mawe, na huyu alikuwa mzee wa zaidi ya sabini. Lakini aliona kwamba huyu ndiye mtu pekee duniani anayejua kilichompata Mwas, na kwamba anasimulia kwa raha, na kwamba akikatizwa hatasimulia tena. Kahiga akarudi kwenye magoti yake.

"Mlikuwa mkishika wengi?" akauliza.

"Wengi! Kuna siku tulishika ndugu wawili, huko chini kwa mto. Mmoja nilimmaliza goti, akalia kama mbuzi."

"Na wa pili?"

"Huyo alikuwa kijana mdogo. Angepona, alikuwa na mbio kama swara. Lakini alirudi." Mugo alicheka, akatikisa kichwa. "Mjinga. Alirudi na jiwe kwa mkono, anaita ndugu yake. Akampasua mwenzangu hapa juu ya jicho. Mimi nikageuka hivi." Aligeuka, akaiweka nati kwenye panja la Kahiga, taratibu. Ilikuwa baridi. "Mara moja tu. Nati ikazama. Hata nilipata shida kuitoa."

"Dad!" Jackie alikuwa amemziba mtoto mdogo masikio.

"Mkamweka wapi?" Kahiga akauliza.

Mugo akamtazama. "Mbona unauliza kama polisi?"

"Watoto wanataka mwisho wa hadithi."

"Ee guka," Ngina akasema kwa sauti ndogo. "Mkamweka wapi?"

Mzee akampapasa mjukuu kichwani. "Si hapo nyuma tulipokunywa soda? Palikuwa shimo la kumwaga maganda ya kahawa. Ukitupa kitu humo, wiki moja yanakifunika. Basi, hadithi imeisha."

Kahiga aliona migomba. Aliona mikungu aliyopeleka Ngoliba, na mama yake akimenya ndizi na kuzisifu.

Alisimama. Alilichukua rungu mkononi mwa Mugo, na mzee akaliachia bila kushindana, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Kisha Kahiga akampiga goti la kulia kwa nguvu zake zote. Mfupa ulilia sauti ile ile. Mugo alianguka chali kando ya benchi la wageni, akaangusha mizani, na kelele yake ikajaa chini ya mabati. Kahiga akampiga tena palepale. Mzee alijikinga kwa mkono, na mkono nao ukapigwa ukapinda mahali ambapo mkono haupindi. Watoto walikuwa wakipiga mayowe. Jackie alimrukia Kahiga mgongoni, akamng'ata bega, akamkwaruza uso. Alimkung'uta kwa mtikiso mmoja, Jackie akaenda kugonga ukuta.

Akaliinua rungu juu ya kichwa cha mzee.

"Tulia," Mugo akasema kutoka sakafuni. Midomo yake ilikuwa nyeupe. "Tulia, mzee. Tulia, tunaongea tu."

Kahiga aliipima ile sehemu juu ya sikio. Mkono ulitaka. Ulitaka kuliko kitu chochote ulichowahi kutaka. Lakini Mugo mwenyewe alikuwa amemfundisha sasa hivi: ukimpiga kichwa, analala. Na huyu akilala, nani atayasema tena yale aliyoyasema?

Rungu likateremka likapasua benchi kando ya sikio la Mugo.

"Amekufanyia nini?" Jackie alikuwa analia ukutani. "Huyu mzee amekufanyia nini?"

"Mimi ndiye wa goti," Kahiga akasema. "Yule aliyerudi anaitwa Mwas."

Jackie alimtazama, akamtazama baba yake. Alikuwa mtu wa kufikiri haraka. Alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akaamka, akawasukuma watoto nje kwenye gari. Aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka.

"Dad ameteleza kwa simiti. Nitasema hivyo huko hospitali Thika. Wewe hukumpiga, na yeye hakusema kitu. Tunaelewana?"

Kahiga alimsaidia kumbeba Mugo hadi garini, kwa sababu Jackie hangeweza peke yake. Mzee alikuwa akiguna, harufu ya mkojo ikimtoka, na njia yote hakumtazama Kahiga usoni.

Mwalimu Bedan alifika jioni akitoka Thika. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kisha akaenda nyuma akaiangalia migomba kwa muda.

"Kahiga," akasema aliporudi, "wakichimba hapo, watafunga hapa. Hawatafungua tena. Na wewe utaingia ndani kabla ya huyo mzee. Yeye atasema alikuwa anachekesha watoto."

"Najua, Mwalimu."

"Yule mama amekupa njia."

"Amenipa."

"Basi?"

Kahiga alikuwa anaokota vipande vya benchi. Aliviweka pamoja pembeni. Rungu hakulirudisha kwenye msumari wake.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, alimpigia mama yake simu kabla mama hajaenda kanisani.

"Mama, Mwas hakutoroka," akamwambia. "Alirudi kunichukua."

Upande wa pili kulikuwa na jogoo akiwika.

"Yuko wapi?" mama yake akauliza.

"Nakwenda kuwaambia watu waje wamtoe."

Kisha akalifunga rungu ndani ya gunia la kahawa, akatembea kwa mguu hadi kituo cha polisi, akichechemea zaidi ya siku zote. Askari wa kike aliyekuwa kaunta alikuwa anakunywa chai.

"Habari ya asubuhi, mzee. Shida gani mapema hivi?"

Kahiga aliliweka gunia juu ya kaunta, likatoa mlio wa chuma.

"Jana nimempiga mtu na hii," akasema. "Anaitwa Mugo, yuko hospitali Thika. Anza na hilo, usiliache. Halafu nitakwambia habari ya ndugu yangu."

Akavuta benchi karibu na kaunta akakaa, mguu wa kulia ameunyoosha.