Keki ya Bwana Lorrimer

Mavis Tunnicliffe alisafisha kijiji chetu cha Nether Pobley kwa miaka thelathini: kanisa, ukumbi, na nyumba za wenye nafasi. Tulimzoea kama tulivyoizoea baridi, na mbele yake tulisema lolote.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi ndiye aliyemkuta Bi Prudence Oakshott, jaji wa mashindano ya keki, amelala sakafuni ukumbini, kichwa kimepasuliwa kwa kinara cha shaba. Mezani keki kumi na mbili. Moja tu imekatwa kipande.

Kufika adhuhuri ukumbi ulifurika. Inspekta Bagshaw alipouliza nani alikuwa na ugomvi na marehemu, mikono ilinyooshwa kama darasani.

"Mimi alininyima ushindi mara tisa!" alisema mke wa kasisi kwa fahari.

"Tisa tu? Yangu aliitemea kwenye leso!" akadakia muuza nyama.

Asiye na sababu ya kuua alijiona mnyonge. Aliyelia ni Bwana Lorrimer peke yake, meneja mstaafu wa benki, bingwa wa miaka sita mfululizo. Tukampa kiti karibu na moto.

"We mama," Inspekta akamwambia Mavis, "usizubae, tupikie chai."

Mavis akaileta. Akimimina, akauliza, "Hiyo iliyokatwa ni ya Bwana Lorrimer. Kaiokea wapi, mwanangu?"

"Si kwake? Wapi tena?" Inspekta akashangaa.

"Oveni yake naisafisha mimi kila Alhamisi. Miaka sita sijaona hata tone la siagi. Anaweka magazeti humo."

Inspekta akaigeuza keki. Chini yake kibandiko cha duka la mjini kilikuwa bado kimeng'ang'ania.

"Prudence alikiona," Lorrimer akasema, kichwa chini. "Alikuwa anakwenda kuwaambia."

Mke wa kasisi akashika kifua. "Ya dukani! Na sisi tukampigia makofi!"

"Kuua, sawa, hasira hasara," muuza nyama akafoka. "Lakini keki ya dukani? Huyu si mtu!"

Marehemu, aliyefunikwa kitambaa cha meza pale pembeni, hakuna aliyemtupia jicho. Kesho yake kasisi alihubiri juu ya udanganyifu. Mauaji hakuyagusa.

Mavis hakuona raha. "Kila Alhamisi Bwana Lorrimer alinikalisha tukanywa chai," aliniambia. "Nyie wengine mnaijua ndoo yangu tu."

Mwezi wa pili alipanda basi kwenda kumtazama gerezani, kapakata keki ya matunda aliyoioka mwenyewe. Askari wa lango wakaitobatoba kwa kisu, wasione kitu. Lorrimer akala kipande, akatafuna polepole, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Bi Mavis, hivi inakaa motoni muda gani?"

"Saa nne, moto mdogo."

Akaomba kalamu, akaandika.