Vidole Juani

Mjukuu wangu amefungua gunia la mpunga mpya, na harufu yake imenirudisha kwenye shamba letu la Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana. Nilikuwa msichana mdogo, kazi yangu kufukuza ndege. Ndege wakitulia, niliinua mikono na kuchezesha vidole mbele ya macho, jua likipenya katikati yake, huku nikiyumba mbele na nyuma. Hapo ndipo moyo wangu ulipopoa.

Asubuhi moja jirani yetu alikuja, mtoto wake mgongoni akichemka kwa homa.

"Dada, binti yako anamwita nani kwa vidole?" alimwuliza mama. "Jana alivitikisa mbele ya mwanangu. Leo hanyonyi."

"Anacheza tu."

"Mchezo gani huo, kutwa kucha? Mfunge mikono!"

Mama alikataa katakata, akamfukuza shambani. Nilimkumbatia kiunoni kwa furaha.

Jirani alipotoweka kwenye migomba, mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwinua mdogo wangu mchanga, aliyekuwa amelala mkekani karibu nami, akaenda kumlaza mbali, akamfunika uso kwa leso.